Namna ya Kupanga Mapumziko ya Wawili katika Hoteli ya Ufukweni Unguja Wakati wa UVIKO-19

Mwongozo huu umeandikwa Septemba 2021 kwa ajili ya mume na mke, au wachumba, wanaoishi Dar es Salaam au kwingineko Tanzania Bara na wanaotaka kupumzika kwa siku chache Unguja katika hoteli ya ufukweni inayotoza bei moja kwa chumba, milo yote na vinywaji, mpango ambao hapa tutauita kifurushi kamili. Hoteli za namna hii zipo kwa wingi Kiwengwa, Pwani Mchangani, Matemwe na Nungwi, na kwa miaka mingi mteja wake mkuu amekuwa mgeni kutoka Ulaya. Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 500,000 mwaka 2019, lakini mwaka 2020 idadi hiyo ilishuka hadi karibu nusu, ingawa visiwa vilifunguliwa tena mwezi Juni. Baadhi ya hoteli zilizopungukiwa na wageni zilianza wakati huo kumtafuta Mtanzania kwa bei ya mkazi, na hiyo ilikuwa fursa ambayo haikuwapo kwa ukubwa huo. Hata hivyo, anayechagua hoteli kwa kuhesabu nyota zake anaanzia pasipostahili, kwa sababu katika kipindi hiki kinachofaa kununuliwa kwanza ni hewa, nafasi, na tarehe zinazoweza kusogezwa.

Wengi huvutiwa na kifurushi kamili kwa hoja kwamba mkishaingia getini hamna haja ya kutoka tena kutafuta chakula wala kupanda magari ya watu. Hoja hiyo ni ya kweli nusu. Virusi vya UVIKO-19 husambaa zaidi kwa njia ya hewa, hasa pale watu wanapokaa karibu na kuzungumza ndani ya chumba kisichopitisha upepo, na hoteli ya aina hii huwakusanya wageni wake wote katika ukumbi mmoja wa chakula, baa moja na jukwaa moja la burudani, mara tatu au nne kwa siku. Kuanzia Mei 2021 wageni wa kutoka nje walitakiwa kuja na cheti cha kipimo cha PCR, yaani kipimo cha maabara cha virusi, kilichofanywa ndani ya saa 72 na kupimwa tena walipowasili. Hatua hiyo ilipunguza hatari lakini haikuimaliza, kwa kuwa mtu aliyeambukizwa jana anaweza kupimwa leo na asionekane. Jambo la kuuliza, basi, ni namna hoteli ilivyojengwa na mahali wageni wanapokutania.

Tuanze na mahali, ambapo bahari yenyewe ina sauti kubwa kuliko matangazo. Pwani ya mashariki, kuanzia Matemwe hadi Jambiani, imekingwa na mwamba ulio mbali na ufuko, na maji yanapokupwa bahari hurudi nyuma sana ikaacha mchanga, vidimbwi na mashamba ya mwani ambamo akina mama huonekana wameinama wakifanya kazi. Ni mandhari nzuri ya kutembelea kwa miguu, lakini aliyetarajia kuogelea saa hiyo atarudi kwenye bwawa la hoteli, na bwawani ndiko wageni wote waliokosa bahari wanakorundikana. Nungwi na Kendwa, upande wa kaskazini magharibi, maji hayarudi mbali hivyo, na mtu huweza kuogelea karibu wakati wote wa mchana. Kwa sababu hiyo, kwa wenzi wanaokwepa msongamano, Nungwi na Kendwa zina faida ambayo haiandikwi kwenye kipeperushi chochote. Mapungufu yake ni kwamba ufuko wenyewe una watu wengi zaidi, na muziki wa usiku huvuka ukuta.

Mkiipenda mashariki, pangeni tarehe kwa kuangalia mwezi. Bamvua, yaani siku ambazo bahari hupwa na kujaa kuliko kawaida, hutokea siku moja au mbili baada ya mwezi mpya na baada ya mwezi mpevu. Siku hizo maji hukupwa sana mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri, kisha saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Siku za maji mafu, katikati ya vipindi hivyo, bahari haipandi sana wala haishuki sana, na maji hujaa katikati ya asubuhi. Kwa mfano, Oktoba 2021 mwezi mpya ulikuwa tarehe 6 na mwezi mpevu tarehe 20, kwa hiyo tarehe za kuogelea asubuhi zilikuwa zile zilizo karibu na 13 au 28; anayependa kutembea juu ya mchanga mkavu hadi karibu na mwamba achague siku za bamvua, avae viatu vya kumkinga na miiba ya viumbe wa baharini na arudi kabla maji hayajaanza kujaa. Upepo nao una zamu yake: kusi huvuma kwa nguvu katikati ya mwaka na kupungua kuelekea Oktoba, na kaskazi huanza kushika mwishoni mwa mwaka. Kuanzia Machi hadi Mei ni masika, na hoteli kadhaa hufunga milango.

Mkishapata eneo, pigeni simu hotelini wenyewe, kwa kuwa picha za mtandaoni hazionyeshi madirisha. Ulizeni kama ukumbi wa chakula uko wazi pande zote chini ya paa la makuti au umefungwa vioo na kiyoyozi. Kama chakula ni bafe au huletwa mezani. Na kama vyumba ni nyumba ndogo ndogo zilizotawanyika bustanini au ni ghorofa yenye korido za ndani. Nyumba ndogo ya chini yenye baraza lake na madirisha yanayofunguka pande mbili ni bora kuliko chumba cha kifahari cha ghorofani kinachotegemea kiyoyozi peke yake, hata kama cha pili kina mandhari ya bahari. Ulizeni pia ni vyumba vingapi vimejaa katika tarehe mnazotaka, maana hoteli ile ile hubadilika kabisa kati ya Jumanne na Jumamosi. Anayejibu maswali haya kwa uvumilivu huenda akawahudumia vizuri; anayejibu kwamba korona haipo, mshukuruni mkatafute kwingine.

Kuhusu bei, ombeni bei ya mkazi na mbebe vitambulisho vya Taifa, kwa kuwa bila hivyo mnaweza kutozwa bei ya mgeni kwa dola. Kisha fanyeni hesabu. Tuseme kitanda na kifungua kinywa ni shilingi 220,000 kwa usiku kwa watu wawili, na kifurushi kamili ni 400,000: tofauti ya 180,000 ni lazima ilipwe na chakula cha mchana, cha jioni na vinywaji vyenu. Wenzi wasiokunywa pombe na wanaokula kidogo mchana mara nyingi hawaifikii, na kwao mpango wa milo miwili unatosha. Someni pia kifurushi kinaishia wapi, kwani katika hoteli nyingi vinywaji vya bure ni bia za hapa nchini, soda na pombe kali za kawaida, na mvinyo wa nje, kahawa maalumu, masaji, michezo ya majini na kamba wakubwa hulipiwa pembeni. Kifurushi kwa kawaida huanza saa nane mchana mnapokabidhiwa chumba na hukoma asubuhi ya kuondoka, hivyo ulizeni mapema kama chakula cha mchana cha siku ya kufika kimo. Walio kwenye fungate waseme hivyo wakati wa kuweka nafasi. Zipo hoteli zinazotoa punguzo au chakula cha jioni cha faragha ufukweni, ingawa nyingi huomba nakala ya cheti cha ndoa.

Masharti ya kuahirisha yana uzito kuliko punguzo lolote. Aprili na Mei 2020 tuliona safari za ndege zikisimama kwa amri ya ghafla, na waliokuwa wamelipa kila kitu kwa ahadi ya mdomo walihangaika. Takeni maandishi, hata kama ni ya barua pepe, yanayoeleza nini kitatokea kwa fedha zenu iwapo serikali itazuia safari, iwapo mmoja wenu ataugua kabla ya kuondoka, na hadi siku ngapi kabla ya kufika mnaweza kusogeza tarehe bila faini. Lipeni sehemu tu ya gharama kwanza, na mlipe kwenye akaunti yenye jina la hoteli. Namba ya simu ya mtu binafsi anayedai kuwa ofisa wa mapokezi haitoshi, hata awe mchangamfu kiasi gani.

Chanjo ilizinduliwa rasmi nchini tarehe 28 Julai 2021, na ile ya Janssen iliyotolewa wakati huo ilikuwa ya dozi moja. Kinga yake huhitaji muda kujengeka, hivyo chanjweni angalau wiki mbili kabla ya safari, na msiiache kwa ajili ya juma la mwisho, ambalo mwili unaweza kuwa na homa na uchovu wa siku moja au mbili. Jambo lisilosemwa sana ni mazungumzo ya ndani ya nyumba. Mara nyingi mmoja ana hofu zaidi ya mwenzake, na kama hamkukubaliana mapema, ugomvi utazuka mbele ya mlango wa disko. Kaeni mkubaliane mtavaa barakoa wapi, mtaingia kumbi zipi, na kwamba mwenye hofu zaidi ndiye atakayefuatwa. Bebeni barakoa za kutosha za hospitali, kitakasa mikono, kipimajoto na dawa zenu za kila siku zenye akiba ya wiki mbili.

Katika boti kutoka bandari ya Dar es Salaam, safari ya takriban saa mbili, tiketi ya bei nafuu inaweza kuwa bora kuliko ya VIP. Daraja la kawaida lina nafasi ya nje, ambako upepo hupita na matone ya chumvi hukurukia usoni, ilhali VIP ni chumba kilichofungwa chenye viti laini na hewa ileile inayozunguka. Fikeni mapema mkapate viti vya nje, mvae koti jepesi, na msingoje mlangoni pamoja na umati boti inapotia nanga Malindi, bandari ya mjini Unguja. Dakika kumi za kusubiri mkiwa mmekaa hazitawapotezea chochote. Kutoka mjini, daladala namba 116 huenda Nungwi na 117 Kiwengwa kwa nauli ndogo, lakini watu hukaa wamebanana kwa zaidi ya saa moja, na kwa msimu wa maradhi haya ni afadhali kukodi gari na kumwomba dereva, kwa adabu, afungue vioo na azime kiyoyozi.

Mkifika, fungueni madirisha ya chumba na mkakae barazani kwa nusu saa kabla ya kuingia kupumzika. Ukumbi wa chakula ndio unaohitaji nidhamu. Kwenye bafe, watu huogopa kijiko kimoja cha wali wa nazi kinachoshikwa na kila mgeni, na ni kweli kwamba mikono ioshwe baada ya kupakua. Lakini hatari kubwa iko kwenye foleni yenyewe, pale wageni ishirini wanaposimama bega kwa bega mbele ya mchoma samaki, barakoa zikiwa kidevuni, wakizungumza kwa sauti ili kuushinda muziki. Nendeni mlango unapofunguliwa au dakika arobaini kabla haujafungwa, chagueni meza ya ukingoni upande unaotoka upepo, na muulize kama mhudumu anaweza kuwaletea chakula barazani. Hoteli nyingi hukubali zikiambiwa asubuhi, ingawa huenda mkatozwa kidogo.

Mchana ni wa nje, na nje hakuna la kuogopa sana. Papasi, yaani vijana wanaowatafutia watalii huduma, watawafuata ufukweni na bei za safari za kisiwa cha Mnemba na za kuona pomboo. Wasikilizeni kwa heshima, lakini kama mnataka safari, ombeni chombo chenu wawili pamoja na nahodha. Mnaporudi mjini siku ya mwisho, kisiwa cha Changuu kinafaa kwa saa chache, na kuna jambo la kufikirisha pale: gereza lililojengwa kisiwani humo miaka ya 1890 liliishia kuwa kituo cha karantini cha kuwazuilia wasafiri waliohofiwa kuleta homa ya manjano. Bahashishi haimo katika kifurushi. Wapeni wahudumu mkononi, kwa kuwa wengi wao walipoteza kazi au sehemu ya mshahara mwaka 2020.

Iwapo mmoja ataanza kukohoa, kuhisi homa au kupoteza harufu, msijifiche. Pigeni simu mapokezi, kaeni chumbani, na muulize kipimo kinapatikana wapi. Hospitali kuu ni Mnazi Mmoja, mjini, na upande wa kaskazini ipo ya Kivunge. Kupumua kwa shida, kifua kubana au midomo kubadilika rangi ni dharura ya kwenda hospitali saa hiyohiyo, bila kusubiri kuche. Kabla ya kuondoka nyumbani, hakikisheni mnajua kama bima yenu hutumika Zanzibar na nani atalipa siku za ziada za chumba. Weka akiba ya fedha za angalau usiku tatu, na amueni mapema nani atabaki na watoto nyumbani mkichelewa.

Baada ya kurudi, dalili zinaweza kuonekana kuanzia siku ya 2 hadi ya 14. Vaeni barakoa kazini kwa muda huo, na kama wazazi wenu ni wazee au wana kisukari au shinikizo la damu, zawadi zao za karafuu na halua zipelekeni baada ya wiki mbili.