Mzee ana saratani: pimeni nguvu kabla ya kuhesabu miaka

Miaka ya kitambulisho pekee haifai kumnyima mzee tiba. Isitoshe, wazee wengi wa Nyanza na Magharibi, nchini Kenya, walikadiriwa tu mwaka wa kuzaliwa. Cha kupima ni akiba ya mwili. Kuna dodoso la maswali 8, G8, ambalo daktari hulijaza kwa dakika chache. Linagusa hamu ya kula, uzito, kutembea, kumbukumbu na dawa anazotumia. Kati ya alama zake 17, umri una 2 tu. Akipata 14 kwenda chini, achunguzwe kwa kina kabla ya kemo, yaani tiba ya dawa kali za saratani.

Mengine mnaweza kuyaanza nyumbani. Pimeni mita 3 kutoka kwenye kiti, mweke alama. Mzee ainuke, atembee mwendo wake wa kila siku, ageuke, arudi, aketi. Bakora yake aitumie. Simu ihesabu sekunde. Zikifika 12, mwambieni daktari, kwani anaweza kuanguka. Kipimo huharibika mjukuu anapomshika mkono au kumwambia "harakisha kidogo, Babu". Andikeni pia kilo alizopoteza kwa miezi 3. Dawa zote zije kliniki katika mfuko mmoja, za presha, za sukari, hata za miti shamba. Hizi za mwisho ndizo hufichwa, na ndizo huleta shida.

Mtego mkubwa uko kwenye figo. Chukua nyanya wa miaka 78, kilo 45, kreatinini (taka ya misuli ambayo figo huitoa kwenye damu) maikromoli 88 kwa lita. Karatasi ya maabara itasema figo ni sawa, kwa sababu misuli yake ni michache na hutoa kreatinini kidogo. Sasa piga hesabu ya kasi ya figo kusafisha damu: 140 toa 78 ni 62, mara 45 ni 2,790, gawanya kwa 72 upate 38.75 (kreatinini yake ni sawa na miligramu 1 kwa desilita, la sivyo ungegawanya tena kwa hiyo). Kwa mwanamke zidisha na 0.85. Inabaki kama mililita 33 kwa dakika. Kwa kiwango hicho, kati ya dawa za kemo, sisplatini kwa kawaida haitolewi, na kapesitabini hupunguzwa hadi robo tatu ya dozi. Hesabu hiyo ikishuka chini ya 30, kapesitabini huachwa kabisa. Kwa hiyo apandishwe mizani siku hiyohiyo. Uzito wa kuambiwa ni wa mwaka jana.

Je, dozi ipunguzwe? Inategemea lengo. Saratani ya umio (mrija wa chakula), ambayo huku tunaiona sana, ikiwa imeshasambaa, dozi ndogo yaweza kutosha: utafiti wa GO2 wa Uingereza ulionyesha kuwa kwa wagonjwa dhaifu, asilimia 60 ya dozi ilizuia ugonjwa karibu sawa na dozi kamili, na haikuwachosha sana. Lakini pale ambapo kupona kunawezekana, kupunguza kwa huruma tu ni kutupa nafasi hiyo.

Mionzi nayo ina safari zake, Jumatatu hadi Ijumaa, na anayetoka Bondo kwenda Eldoret huchoka njiani kabla ya mashine kumgusa. Kama ni maumivu ya mfupa, ulizeni kama kipindi 1 kitatosha badala ya 5 au 10. Mara nyingi hutosha.

Mzee mwenyewe aulizwe, kwa Kijaluo au Kiluhya chake, bila wana kumjibia: anaogopa nini zaidi, maumivu, kubebwa chooni, au kuuza ng'ombe?

Kemo ikianza, kipimajoto kiwe nyumbani. Joto likifika 38, hospitali usiku huohuo, na kadi ya kemo mkononi. Msimpe Panadol kwanza, itaficha homa. Na wazee wengine hawapandi joto kabisa: huanza tu kuchanganyikiwa, kukataa uji, au kulala mchana kutwa. Hiyo pia ni safari ya usiku.