Jani kavu la mgomba nalo lina picha yake

Wapenzi wa picha, msiyapite majani makavu ya mgomba yanayoning'inia shambani. Kwa rangi ni kahawia tu, hakuna anayegeuka kuyatazama. Weka kamera ya simu kwenye nyeusi na nyeupe kabla ya kupiga, usingoje kubadilisha baadaye. Rangi zikishaondoka kwenye kioo, jicho lenyewe linaanza kutafuta mistari, mikunjo na vivuli.

Kazi kubwa ni mwanga. Nenda saa 1 asubuhi au saa 11 jioni, jua likiwa chini, usimame mahali ambapo mwanga unalipiga jani kutoka ubavuni. Kila mshipa utatoa kivuli chake. Saa 6 mchana jani lilelile huonekana bapa. Gusa sehemu inayong'aa zaidi kwenye kioo, kisha punguza mwanga mpaka nyuma kuwe giza.

Ua jekundu katikati ya majani mabichi linaweza kukuangusha, maana nyekundu na kijani mara nyingi hutoka kijivu kilekile. Mimi napenda vilivyokauka: magome ya mbuyu, mabua ya mahindi, hata tope lililopasuka bwawa likikauka. Lile tope, piga ukiwa umechuchumaa.