Somo: Themodinamiki na kinetiki kwa mwaka wa kwanza, tukianzia kwenye gunia la mkaa

Wadogo zangu mlioanza kemia chuoni, kila msimu wa testi vijana huja barazani kwangu hapa Nyegezi, Mwanza, na pepa zilizojaa wino mwekundu, na kosa ni lile lile. Hesabu wanazijua. Wanachokosea ni kujibu swali ambalo hawakuulizwa. Mimi mwenyewe nilirudi kufanya sapu mwaka wa kwanza kwa kosa hilo, ndiyo maana nalifuatilia hadi leo.

Themodinamiki inauliza: mmenyuko huu unaelekea wapi, na ukiachiwa utaishia wapi? Kinetiki inauliza: utachukua muda gani kufika huko? Basi. Mada hizi mbili zinafundishwa karibu karibu, zinatumia herufi zinazofanana (K kubwa ya msawazo na k ndogo ya kasi zimeshaumiza wengi), lakini jibu la moja halikupi jibu la nyingine.

Tazama gunia la mkaa lililoegemezwa ukutani pale Igoma. Kaboni ikiungana na oksijeni kuwa kaboni dayoksaidi, nishati huru (badiliko lake tunaliandika ΔG) inashuka kwa kilojuli 394 hivi kwa kila moli. Huo ni mteremko mkubwa sana. Themodinamiki inasema mkaa wote ule, katikati ya hewa hii, unaelekea kuwa gesi. Lakini muuzaji anauacha hapo miezi na miezi, anapima kwa kopo, hakuna kinachotokea. Kinachouzuia ni kilima cha nishati ambacho chembe lazima zikipande kabla ya kuteremka. Mama akiweka mafuta ya taa kidogo na kiberiti, chembe za kwanza zinavuka, na joto zinalolitoa linazivusha zinazofuata. Mtu akikuuliza kwa nini mkaa unaweza kuungua, unamjibu kwa ΔG. Akikuuliza kwa nini haujaungua bado, ΔG haina neno la kumwambia.

Hatua ya 1: Ligawe daftari

Kurasa za kushoto andika ΔH (joto linaloingia au kutoka), ΔS (badiliko la mtawanyiko), ΔG na K. Kurasa za kulia andika kasi, k, oda ya mmenyuko (kipeo kinachoonyesha kasi inavyofuata kiasi cha kitu), muda wa nusu (muda wa kitu kubaki nusu yake) na nishati ya kuvuka kilima, yaani Ea. Ukichukua past pepa, kabla hujagusa kikokotozi, weka alama pembeni ya kila swali: ni la kushoto au la kulia? Fanya hivyo kwa maswali 30 bila kukokotoa hata moja. Pepa zinakuja kwa Kiingereza, kwa hiyo kila istilahi iandikie pembeni maana yake kwa Kiswahili chako mwenyewe, siyo cha desa ulilokopi kwa mwenzako.

Hatua ya 2: Vipimo

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo maksi zinapotelea. ΔH kwenye majedwali iko kwa kilojuli. ΔS iko kwa juli. Zote mbili zinaingia kwenye mlinganyo mmoja, ΔG = ΔH − TΔS, na T lazima iwe kwa Kelvini.

Chukua mawe ya chokaa, yaani kalsiamu kaboneti, yanayovunjika kuwa chokaa hai na kaboni dayoksaidi. ΔH ni +178 kJ, ΔS ni +161 J kwa Kelvini. Kwa Kelvini 298, asiyegeuza vipimo ataandika 178 − 298 × 161, atapata hasi kama 47,800, na atatangaza kwamba mmenyuko unajiendea wenyewe mezani. Kama ingekuwa hivyo, dunia isingekuwa na jiwe moja la chokaa. Ukigeuza 161 kuwa 0.161 unapata +130 kJ. Jiwe linabaki jiwe.

Sasa uliza: kwa joto gani ΔG inafika sifuri? Gawanya 178,000 kwa 161, unapata Kelvini 1,106, karibu nyuzi 833 za Selsiasi. Ndiyo sababu mchoma chokaa anahitaji tanuru.

Hatua ya 3: Alama za kujumlisha na kutoa

Usikariri jedwali la visa vinne vya alama za ΔH na ΔS. Jiulize tu: joto linatoka au linaingia? Mtawanyiko unaongezeka au unapungua? Gesi ikizaliwa kutoka kwenye kitu kigumu, kama hapo juu, ΔS ni chanya. Joto kutoka na mtawanyiko kuongezeka vinasukuma mmenyuko mbele; kinyume chake vinauzuia. Vyote viwili vikiwa upande mmoja, umemaliza. Vikipingana, T ndiyo mwamuzi.

Hatua ya 4: Oda haitoki kwenye mlinganyo

Watu wanaona mlinganyo uliosawazishwa na wanachukua namba zile za mbele kuwa vipeo vya sheria ya kasi. Hapana. Oda inatoka maabara.

Mfano: 2NO + 2H₂ → N₂ + 2H₂O. Tuseme kwenye zoezi umepewa kwamba NO ikiwa 0.10 na H₂ ikiwa 0.10, kasi ya mwanzo ni 0.0012. Ukiongeza NO peke yake hadi 0.20, kasi inakuwa 0.0048. Ukiongeza H₂ peke yake hadi 0.20, kasi ni 0.0024. NO imezidishwa mara mbili na kasi ikapanda mara nne, kwa hiyo oda yake ni 2. H₂ imezidishwa mara mbili na kasi ikapanda mara mbili, oda yake ni 1. Kwenye mlinganyo H₂ ina 2 mbele yake, lakini kwenye kasi ina 1. Ndivyo mmenyuko huu ulivyokutwa kweli maabara. Sababu ni kwamba unapita hatua kadhaa, na iliyo polepole kuliko zote ndiyo inayoshika kasi ya safari nzima.

Hatua ya 5: Joto na kasi

Nenda soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, asubuhi. Sangara aliyetoka ziwani anawekwa barafu upesi, na hakuna anayehitaji kufundishwa sababu. Hebu tuikokotoe. Mlinganyo wa Arrhenius, mwanasayansi wa Sweden, kwa joto mbili unasema ln(k₂/k₁) = (Ea/R)(1/T₁ − 1/T₂), R, namba thabiti ya gesi, ikiwa 8.314. Chukua mmenyuko wenye Ea ya 50 kJ, linganisha nyuzi 25 na nyuzi 0, yaani Kelvini 298 na 273. Gawanya 50,000 kwa 8.314, zidisha kwa 0.000307, unapata 1.85. Ukiitoa kwenye ln, inakuwa mara 6 na kidogo. Kazi iliyochukua saa 4 kwenye joto inachukua zaidi ya saa 24 kwenye barafu.

Kuoza kwa samaki siyo mmenyuko mmoja, kuna bakteria na vimeng'enya vingi ndani yake, kwa hiyo usiende kumwambia mvuvi namba hii kama sheria. Lakini mwelekeo ni huo. Na angalieni: barafu haijabadilisha sangara anakoelekea. Imemchelewesha tu. Zoezi lenu: rudieni hesabu hiyo kwa Ea ya 80 kJ, mniletee jibu hapa chini.

Hatua ya 6: Pale mada mbili zinapovutana

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mbolea ya urea inaanzia kwenye amonia, na amonia inatengenezwa kwa njia ya Fritz Haber na Carl Bosch, Wajerumani, ambayo kiwanda chake cha kwanza kilianza kazi mwaka 1913. N₂ + 3H₂ → 2NH₃ ina ΔH ya −92 kJ na ΔS ya −199 J kwa Kelvini. Kwa joto la kawaida ΔG ni −33 kJ hivi, inapendeza. Gawanya 92,000 kwa 199, unapata Kelvini 462. Ukipita nyuzi 189, kwa hali sanifu (kila gesi ikiwa kwenye presha ya baa 1), themodinamiki inageuka dhidi yako.

Viwanda vinafanya kazi kwenye nyuzi 400 hadi 500. Kwa nini? Kwa sababu kwenye joto la chini amonia ingekuwa nyingi kwa nadharia, lakini ungezeeka ukiisubiri: kifungo cha nitrojeni ni kigumu mno kukatika. Kwa hiyo wanapandisha joto ili kasi ipatikane, wanaweka kichocheo cha chuma, kisha wanalipa deni la themodinamiki kwa presha kubwa na kwa kuondoa amonia kila inapotokea. Chukua karatasi tupu, eleza aya hii kwa maneno yako bila kutazama. Ukiweza, mada zote mbili zimeshakuingia.

Maswali ya wanachama

Dada wa Butimba: Shikamoo mwalimu. Maabara tulichemsha maji, themometa ikagoma kwenye nyuzi 96. Tukaambiwa imeharibika. Nyingine nayo ikasoma 96. Je, jedwali linalosema 100 limekosea?

Marahaba dada. Themometa zenu ni nzima na jedwali halijakosea. Ziwa letu la Viktoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, presha ya hewa hapa ni karibu kilopaskali 88, siyo 101. Maji yanachemka pale presha ya mvuke wake inapolingana na presha ya nje, na kwetu hilo linatimia kwenye nyuzi 96. Hiyo ni kurasa za kushoto. Sasa nenda kulia: maharage yanaivia kwenye maji ya nyuzi 96 badala ya 100, kwa hiyo hapa yanachelewa kuliko Dar es Salaam. Ukiongeza kuni, maji yanakauka haraka, joto halipandi. Sufuria ya presha inapandisha nyuzi, na kasi nayo inapanda.

Kijana wa Magu: Mwalimu, nikikoroga urea kwenye ndoo ya maji, ndoo inakuwa baridi. Joto linaingia, ΔH ni chanya. Mbona inayeyuka yenyewe?

Swali zuri sana. Wengi wanadhani kila kinachojiendea lazima kitoe joto. Urea inachukua joto kutoka kwenye maji na mkono wako unalihisi. Lakini chembe zilizokuwa zimepangwa kwenye punje sasa zimesambaa ndoo nzima, ΔS ni chanya, na TΔS inazidi ΔH. ΔG inakuwa hasi.

Kaka wa Sengerema: Kichocheo kinaongeza K?

Hapana, kaka. Fikiria nyumba za mlimani Mabatini. Ukipata njia fupi kati ya mawe, unafika upesi, lakini nyumba haijashuka hata hatua moja. Tena njia hiyo ni fupi kwa anayepanda na kwa anayeshuka. Kichocheo kinaongeza k ya kwenda na k ya kurudi kwa uwiano ule ule, K inabaki pale pale. Haidrojeni peroksaidi kwenye chupa ya duka la dawa inavunjika polepole. Ukiimwaga kwenye kidonda inatoa povu mara moja kwa sababu ya kimeng'enya kilichomo kwenye damu. ΔG ni ile ile, chupani na kidondani.

Binti wa Igoma: Mwalimu, nimefanya zoezi la sangara kwa 80 kJ. Nimepata mara 19. Mwenzangu amepata 1.003 na hakubali kwamba amekosea.

Yako ni sahihi, mwanangu. Mwambie mwenzako aangalie kama aligawanya 80 kwa 8.314 au 80,000. Halafu ajiulize kama kuna mtu angebeba barafu hadi mwaloni kwa ajili ya 1.003.