Masanduku ya familia ya misheni: jinsi ya kuyafungua, kuyapanga na kuyasoma

Nilikabidhiwa masanduku matatu ya bati yenye makaratasi ya familia moja ya Kimethodisti iliyotumika Afrika Mashariki kwa vizazi viwili. Ndani mlikuwa na barua, shajara, picha, madaftari ya hesabu za nyumbani na kadi za Krismasi. Mjukuu wao aliniomba niyapange ili yapelekwe kwenye hifadhi ya nyaraka. Naandika haya kwa yeyote atakayepewa kazi ya namna hiyo, maana lipo kosa la siku ya kwanza ambalo halirekebishiki, nami nililifanya.

Nilikuta furushi la barua limefungwa kwa utepe. Nikaufungua, nikazitandaza barua mezani ili nizipange kwa tarehe. Siku chache baadaye, nikisoma daftari la mama wa familia hiyo, nikaelewa kuwa yeye ndiye aliyelifunga. Alikuwa amekusanya barua zinazomhusu mtoto wao aliyefariki, za kabla na za baada ya msiba, kwa utaratibu wake mwenyewe. Tarehe ningeziona wakati wowote. Utaratibu wa mama yule umekwenda na utepe wake.

Basi kabla hujagusa kitu, piga picha sanduku likiwa wazi, kisha piga tena kila unapotoa tabaka moja. Lipe kila furushi namba, uiandike kwa penseli kwenye kipande cha karatasi kitakachokaa nalo siku zote. Kalamu ya wino isikaribie meza hiyo. Ukitaka orodha ya tarehe, itengeneze kwenye kompyuta, na barua zenyewe zibaki pale mwenyewe alipoziweka.

Kuhusu kuzitunza, mambo ni machache. Nawa mikono na uikaushe vizuri. Glavu za pamba hazifai kwa barua kwa sababu vidole hupoteza hisia na karatasi iliyokauka huchanika. Kwa picha na negativu (filamu za kusafishia picha), vaa glavu za nitrili, yaani mpira mwembamba kama wa hospitalini. Toa pini na klipu zenye kutu polepole, ukiikinga karatasi kwa chini. Usibandike selotepu mahali popote, na usifanye laminesheni hata ukiombwa na familia. Barua zilale zimekunjuliwa ndani ya folda zisizo na asidi, mbali na jua na unyevu. Negativu zinahitaji tahadhari ya pekee: zile za kabla ya miaka ya 1950 huenda ni za filamu ya nitrati, ambayo hushika moto upesi, na zinazonuka siki ni za filamu ya asetati iliyoanza kuoza. Zitenge na nyingine zote, umwite anayezijua.

Sasa jiulize: hawa walikuwa Wamethodisti gani? Wengi hupotea hapa, kwa kudhani ni kanisa moja tangu mwanzo. Uingereza yalikuwapo makundi kadhaa, kila moja na misheni yake. Thomas Wakefield, aliyefika pwani ya Kenya mwaka 1862 akisaidiwa na mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf na kuanzisha misheni ya Ribe, karibu na Mombasa, alitumwa na United Methodist Free Churches. Kundi hilo liliungana na mengine mawili mwaka 1907, na muungano mkubwa wa Wamethodisti wa Uingereza ukaja mwaka 1932. Kwa hiyo kituo kilekile kinaweza kuwa na nyaraka chini ya majina matatu. Marekani nako kanisa lilipasuka mwaka 1844 kwa sababu ya utumwa, na pande hizo zikarudiana mwaka 1939. Wanawake wa Kimethodisti wa kaskazini walikuwa na chama chao cha misheni tangu 1869, na mwalimu au daktari mwanamke aliyetumwa nacho yumo katika kumbukumbu za chama hicho. Ukimtafuta kwenye orodha ya wachungaji utadhani hakuwahi kuwapo.

Kumbukumbu rasmi za mashirika ya Uingereza ziko katika chuo kikuu cha SOAS, London. Za Wamethodisti wa Marekani ziko Chuo Kikuu cha Drew, New Jersey. Inafaa uzijue hata kama hutasafiri, kwa sababu makaratasi ya nyumbani husomwa vizuri yakiwekwa kando ya yale ya ofisini. Katika masanduku yangu, baba alimwandikia katibu wa misheni kwamba shule inaendelea vizuri. Mwezi uleule mama alimwandikia dada yake kwamba watoto wamebaki saba na mvua haijanyesha. Na ipo aina ya tatu, zile barua zilizopigwa chapa nakala nyingi na kutumwa kwa wafadhili wote. Hizo ziandikie alama yake, usizichanganye na za siri. Ziliandikwa zisomwe kwa sauti kanisani, na lugha yake inaonyesha.

Ukikuta barua ambayo mistari imeandikwa juu ya mistari mingine kwa kukingamana, usikate tamaa. Walikuwa wakibana karatasi na gharama ya posta. Soma mistari ya upande mmoja hadi mwisho, kisha ugeuze ukurasa.

Lakini kazi ninayokuomba uifanye kwa moyo kuliko zote ni kuwatafuta wenyeji waliomo. Katika barua wanaitwa "mpishi wetu", "kijana wa shule", "mama mmoja wa kijijini". Usiishie hapo. Fungua daftari la hesabu za nyumbani, ambalo wapangaji wengi huliweka mwisho kana kwamba halina maana. Mama anayelipa mshahara kila mwezi huandika jina. Kwa mistari hiyo niliweza kumfuata mpishi miaka kumi na moja, nikajua mwezi aliougua na mwezi mwanawe alipoanza shule, kwa sababu karo ilikatwa humo. Kisha geuza picha zote uangalie nyuma, usome vyeti vya ubatizo, na upekue pambizo za madaftari ya kujifunzia lugha, maana huko aliyefundisha hutajwa. Wakefield mwenyewe alipoandika njia za misafara ya kwenda bara, zilizochapishwa London mwaka 1870 katika jarida la Royal Geographical Society, chama cha jiografia cha Uingereza, alimtaja Sadi bin Ahedi kuwa ndiye aliyemsimulia. Jina hilo lipo kwa sababu liliandikwa.

Tahajia itakusumbua. Mijikenda wanaitwa "Wanika", Waoromo wanaitwa "Galla", jina ambalo leo ni tusi kwao. Usifute wala kusahihisha yaliyoandikwa. Katika orodha yako weka neno la asili ndani ya alama za kunukuu, na jina la leo kando yake, ili Mgiriama, ambaye ni mmoja wa Mijikenda, au Muoromo anayetafuta habari za babu zake azipate kwa jina analolijua.

Kabla ya kukabidhi, kaa na familia mpitie barua zinazotaja magonjwa, aibu za watu na ugomvi wa kanisani, mkubaliane zipi zifungwe kwa muda na hadi mwaka gani. Andikeni makubaliano hayo. Wakumbushe pia kwamba kuwa na barua mkononi si kuwa na haki ya kuichapisha. Haki hiyo ni ya aliyeiandika na warithi wake.

Mwisho, piga nakala za kidijitali kwa dpi (nukta kwa kila inchi) 400 kwa barua na 600 kwa picha, na uombe seti moja irudi kwenye usharika wa mahali ambako barua ziliandikwa. Mjukuu alikubali nilipomwonyesha daftari la mshahara. Jina la mpishi sasa limo katika faharasa ya mkusanyiko, kwa herufi zilezile za majina ya familia, pamoja na namba za kurasa zote 132 anamotajwa.