Shakwe wa mabawa meupe kwenye Mto Thames

Ukiwa London kati ya Desemba na Machi, subiri maji yakupwe. Shakwe hutua kwenye matope ya Thames. Tafuta asiye na weusi wowote kwenye ncha za mabawa, kisha kagua mdomo. Kinda wa Larus hyperboreus, mmoja wa shakwe wawili wa mabawa meupe, ana mdomo wa waridi wenye ncha nyeusi iliyokatika wazi, kana kwamba umechovywa kwenye wino. Mdomo wa kinda wa Larus glaucoides, shakwe wa pili, ni mweusi zaidi, weusi ukififia taratibu kuelekea shinani, na mabawa yaliyokunjwa huupita mkia sana. Anayewapotosha wengi ni Larus argentatus, shakwe wa kawaida, aliyepauka kwa jua: mpige picha akiruka, mara nyingi mkia au mabawa huonyesha mabaka ya kahawia.