Intaneti moja kwa avenyu nzima: namna ya kujenga mtandao wa pamoja Lubumbashi

Anayenunua mega za siku moja moja kwenye simu ndiye anayelipa bei kubwa kuliko wote kwa kila gigabaiti. Kwenye komini za mji kama Katuba, Kenya, Ruashi na pembezoni mwa Annexe, hao ndio walio wengi. Mkataba mmoja wa mwezi, wenye kasi inayotosha na uliogawanywa vizuri, unaweza kuhudumia kaya 20 hadi 30, shule na kituo cha afya, kwa bei ambayo mama muuza makala (mkaa) anaimudu. Vifaa vyake vinapatikana mjini, na fundi wa umeme mwenye subira anaweza kuvifunga. Mitandao ya namna hii haifi kwa sababu ya antena. Inakufa kwa umeme na kwa hesabu, kwa hiyo mambo hayo mawili tutakaa nayo zaidi.

Anzeni na pesa, kabla ya kununua hata mita moja ya kebo

Pita nyumba kwa nyumba na uulize swali moja tu: kwa wiki, simu zote za nyumba hii zinakula mega za pesa ngapi? Usiulize kama wanataka intaneti, maana kila mtu atasema ndiyo. Jibu la pesa ndilo linaloonyesha nani atalipa kweli.

Kisha piga hesabu hivi. Tuseme mkataba ni dola 120 kwa mwezi na mna kaya 25. Kosa la kawaida ni kugawa 120 kwa 25, mkapata chini ya dola 5, mkafurahi. Ongezeni dola 30 za akiba ya betri na vifaa vitakavyoungua, na dola 20 za anayeshughulikia mtandao, kwa sababu kazi ya bure huisha mwezi wa tatu. Jumla ni 170. Halafu kubalini tangu mwanzo kwamba kila mwezi kaya 5 hazitalipa: msiba, ugonjwa, ada ya shule. Gaweni 170 kwa 20, sio kwa 25. Mchango unakuwa dola 8.50.

Wenye mshahara watalipa mara moja kwa mwezi. Wanaoishi kwa biashara ya siku hawawezi, hivyo uzeni pia kuponi za wiki na za siku, mtu alipe kwa franka kupitia M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Bei ya siku isizidi sehemu moja ya ishirini ya bei ya mwezi. Ikizidi hapo, mmerudia dhuluma ileile ya mega za rejareja, maskini akimlipia mwenye mshahara. Akiba ikae kwenye akaunti yenye watu wawili wa kuidhinisha, na karatasi ya mapato na matumizi ibandikwe kila mwezi mahali penye watu wengi, kwenye ukuta wa kanisa au wa duka. Wanaokusanya likelemba (mchango wa kupokezana kwa zamu) wanajua utaratibu huu tayari. Waombeni hao washike daftari.

Upande wa sheria, mawasiliano nchini yanaongozwa na Sheria nambari 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020, na msimamizi ni ARPTC, mamlaka ya serikali ya posta na mawasiliano. Kuuza au kugawa huduma kwa umma kuna masharti yake, kwa hiyo pelekeni barua ya kueleza mradi na mpate jibu la maandishi. Chukueni mkataba unaoruhusu kugawana. Starlink, intaneti ya satelaiti, kwa mfano, ilipata leseni nchini mwaka 2025 baada ya kupigwa marufuku mwaka uliotangulia, lakini mkataba wake wa nyumbani hauruhusu kuuzia wengine. Shefu wa kartie na burgumesta (mkuu wa komini) wapewe nakala ya barua kabla nguzo haijasimama. Nguzo mpya yenye sahani juu yake, isiyo na maelezo, huzua maneno upesi.

Kupata mwinuko kwenye mji tambarare

Lubumbashi haina milima ya kupandia. Ukiondoa ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba kando ya bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, mji wote ni bapa, umejaa miembe. Antena za 5 GHz, zinazorusha intaneti kutoka nguzo moja hadi nyingine, zinahitaji kuonana, na kuonana kwa macho peke yake hakutoshi. Mawimbi yanahitaji nafasi wazi kuzunguka mstari. Kwa umbali wa kilomita 1, katikati ya njia panahitajika uwazi wa mita 2 na zaidi kidogo juu na chini ya mstari. Kwa kilomita 3, karibu mita 4. Tawi la mwembe linalogusa nafasi hiyo halitaonekana kama tatizo mwezi wa nane. Mwezi wa kumi na mbili, likiwa na majani mabichi yaliyolowa, kasi itaanguka nusu na mtadhani mtoa huduma ndiye mwenye kosa.

Tafuteni kwanza kilichoinuka tayari: mnara wa kanisa, tangi la maji, shule ya ghorofa. Kama hakuna, simamisheni bomba la chuma lililopakwa zinki, kipenyo cha inchi 2, urefu wa mita 9 hadi 12, lenye nyaya tatu za kulivuta pande tatu. Nguzo ya mti msiitumie hata kama ni bure. Mchwa wa Katanga, wanaojenga vichuguu virefu kuliko nyumba, wataila kutoka chini, na itaanguka na kila kitu siku ya upepo wa kwanza wa mvua.

Wakati wa kuelekeza antena, watu wawili washike simu, mmoja kila upande. Zungusha polepole kulia na kushoto, ukisubiri sekunde tano kila unaposogeza, halafu juu na chini. Tafuta namba kati ya -50 na -65 dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi. Ukipata -78 na haipandi tena, usikaze boliti: mara nyingi umeshika miale ya pembeni ya antena. Endelea kuzungusha upite eneo hilo, utaona namba inashuka kisha inapanda juu zaidi. Hapo ndipo penyewe.

Kwa Wi-Fi ya kuingia majumbani, msitafute kifaa chenye nguvu nyingi. Simu ya mtu ndiyo dhaifu. Inasikia mnara, ila sauti yake yenyewe haifiki. Kwenye nyumba za tofali na mabati, hesabuni mita 50 hadi 70 kwa kila kituo cha Wi-Fi. Vituo vinne vidogo vilivyotawanyika vinashinda kimoja kikubwa. Kwenye 2.4 GHz tumieni chaneli 1, 6 na 11 tu, upana wa 20 MHz.

Kebo na radi

Sokoni mtauziwa kebo ya mtandao ya bei rahisi ambayo ndani si shaba bali alumini iliyopakwa shaba. Kwaruza waya kwa kisu: ukiona weupe ndani, rudisha. Kwenye kebo ya mita 60 ya shaba halisi, kifaa cha wati 8 kinachopewa volti 24 kinapoteza karibu volti 2 njiani. Kwa alumini upotevu unakaribia volti 3, na betri ikishuka usiku kifaa kinaanza kuzima na kuwaka chenyewe. Wengi hubadilisha rauta kwa tatizo hili, na tatizo linabaki. Chukueni kebo ya nje yenye ganda jeusi. Ya kijivu ya ndani hupasuka kwa jua. Kabla haijaingia kwenye kifaa, iachieni mkunjo unaoning'inia chini, ili maji ya mvua yadondokee hapo badala ya kufuata kebo hadi kwenye tundu.

Angalieni pia aina ya umeme unaopita kwenye kebo. Kuna vifaa vya PoE (vinavyolishwa umeme kwa kebo ya mtandao) vya volti 24 na vingine vya 48. Plagi zake zinafanana kabisa. Kuchomeka 48 kwenye antena ya 24 kunaweza kuiunguza papo hapo. Andikeni volti kwa rangi kwenye kila kisanduku.

Radi ya Katanga kati ya Novemba na Machi si ya kubahatisha. Pigilieni ardhini fimbo ya shaba ya mita 2 chini ya nguzo, unganisheni nguzo nayo kwa waya wa shaba wa milimita mraba 16, njia fupi isiyo na kona kali. Wekeni kinga ya radi kwenye kebo pande zote mbili, juu na kabla ya rauta, nazo ziunganishwe kwenye fimbo hiyohiyo. Fimbo mbili zisizounganishwa ni hatari kuliko moja, kwa sababu radi ikipiga, ardhi ya huku na ya kule zinakuwa na volti tofauti na mkondo unapita kwenye vifaa vyenu. Udongo wetu mwekundu hukauka sana kiangazi. Zungusheni fimbo kwa makala yaliyosagwa na mmwagie maji mara kwa mara.

Umeme

Hapa ndipo fedha nyingi ziende. Hesabu ya mtandao mdogo: rauta wati 10, antena mbili za masafa wati 8 kila moja, vituo viwili vya Wi-Fi wati 6 kila kimoja. Jumla wati 38, yaani karibu wati-saa 912 kwa siku nzima. Mkiongeza vituo, ongezeni hesabu. Sahani ya satelaiti ni habari nyingine: yenyewe inaweza kula wati 50 hadi 75, na hesabu yote hapa chini itazidi mara mbili.

Betri ya risasi ya 12 V, 100 Ah ina wati-saa 1200 kwenye karatasi, lakini ukiitumia zaidi ya nusu kila siku itakufa ndani ya mwaka. Maana yake ina wati-saa 600 halisi, saa 15 hivi. Betri ya lithiamu aina ya LiFePO4 ya ukubwa huohuo inakubali kutumika hadi asilimia 80, zaidi ya saa 24. Ni ghali siku ya kununua, ila inakaa miaka mingi. Betri ya gari msinunue kabisa. Imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, haiwezi kutumikishwa usiku kucha.

Mkitaka kuacha kutegemea SNEL, shirika la umeme la serikali, piga hesabu ya sola kwa mwezi wa mvua: saa 4 za jua kamili, na robo inayopotea kwenye waya, joto na kuchaji. 912 gawa kwa 3 ni wati 304, hivyo wekeni paneli za wati 350. Zielekezeni kaskazini, mwinamo wa nyuzi 15, ambao pia unaacha mvua ioshe vumbi.

Msigeuze umeme wa betri kuwa 220 V kisha kuurudisha 12 kwa adapta. Kigeuzi peke yake, bila kazi yoyote, kinaweza kula wati 10, robo ya mtandao wenu. Lisheni vifaa moja kwa moja kwa 12 V, na kwa vya 24 V tumieni kipandisha volti kidogo cha DC.

Mkichaji kwa SNEL, ogopeni dakika umeme unaporudi kuliko dakika unapokatika. Volti hupanda ghafla. Wekeni kilinzi kinachosubiri dakika tatu kabla ya kupitisha umeme, kile cha friji kinatosha.

Kugawa kasi kwa haki

Bila kugawa, nyumba moja yenye vijana wanne na video itameza kila kitu, na majirani wataacha kulipa wakiamini mtandao ni mbovu. Kwenye rauta ya MikroTik au yenye OpenWrt (programu huria ya rauta), washeni foleni ya CAKE au fq_codel, zinazopanga zamu ya data, na wekeni kikomo cha asilimia 85 hadi 90 ya kasi mliyopima jioni, sio ile iliyoandikwa kwenye mkataba. Sababu ni hii: kikomo kikiwa juu, foleni hujengeka kwenye vifaa vya mtoa huduma ambako hamna mkono, kikiwa chini kidogo, foleni inabaki kwenu na rauta yenu inaamua nani apite. Pimeni kwa ping (muda wa ujumbe mdogo kwenda na kurudi) wakati mtu anapakua faili kubwa. Ikipanda kutoka milisekunde 30 hadi 60 ni sawa. Ikifika 600, shusheni kikomo tena.

Kwa mkataba wa megabiti 50 kwa sekunde, kaya 25 zinaishi vizuri. Shule na kituo cha afya wapewe kipaumbele kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa mchana; usiku zamu ni ya majumbani. Fungeni pia njia ya kifaa kimoja kuona kingine, ili simu ya jirani isichunguliwe.

Kuna watakaoachwa nje hata bei ikiwa nzuri: mwenye simu ya vitufe, bibi asiyesoma Kifaransa, msichana ambaye simu ya nyumbani iko mkononi mwa kaka yake. Kwa hao wekeni chumba chenye kompyuta mbili au tatu shuleni, chenye saa za wasichana peke yao na mtu wa kuelekeza kwa Kiswahili. Kwenye chumba hicho, Raspberry Pi moja, kompyuta ndogo sana, yenye kadi ya GB 128 inabeba Wikipedia nzima ya Kifaransa na ya Kiswahili kupitia Kiwix, pamoja na masomo ya Kolibri, programu mbili za kusoma bila intaneti. Inakula wati chini ya 10, na inafanya kazi hata mkataba ukikatwa. Wiki ambayo michango imechelewa, wanafunzi bado wanasoma.

Kila mwezi wa tisa, kabla ya mvua, pandeni nguzo: kazeni kibano cha waya wa ardhini kwa sababu kutu hukilegeza, badilisheni utepe wa mpira kwenye viungo vya kebo, pimeni dBm na mlinganishe na ile mliyoandika siku ya kwanza. Ikiwa imeshuka kwa 6 au zaidi, angalieni mwembe wa jirani, mkaombe ruhusa ya kupunguza matawi mapema, maembe yakiwa bado madogo.