IST au Prado ya zamani? Zilinganishe hivi kabla hujatoa hela

Mtu ana hela yake mkononi, kaona Toyota IST ya 2003 na ile Toyota Prado 95 ya dizeli, yenye injini ya 1KZ, hajui achukue ipi. Usianze na gari, anza na njia yako. Kama wewe ni Mbezi-Posta hapo Dar kila siku lami mwanzo mwisho IST inakutosha kabisa, ila kama kuna shamba huko ndani na udongo wenyewe wa mfinyanzi, mvua ikinyesha tairi mbili za mbele zinakulaza njiani.

Siku ya kukagua nenda asubuhi na mwambie muuzaji asiiwashe kabisa mpaka ufike. Prado ikiwa ya baridi fungua mfuniko wa rejeta ndo iwashwe, uangalie maji, ukiona mapovu yanapanda hayaishi achana nayo, 1KZ ikishachemsha hedi, yaani kile kichwa cha juu cha injini, inapasuka. Mimi niliikuta ishapashwa moto nikasema iko poa, wiki ya tatu natafuta hedi, iliniuma sana jamani. Uliza na taimingi belti ilibadilishwa lini, inatakiwa kila kilomita 100,000. IST ina cheni, hilo halikuhusu.

Sasa miguu. IST nyingi zinavutwa na tairi za mbele, kwahiyo kata stelingi mpaka mwisho uzunguke taratibu uwanjani kioo kikiwa wazi, ukisikia kak kak kak joint zinazozungusha tairi za mbele zimekwisha.

Prado inasukuma zote nne muda wote, hapo watu wengi hawaangalii tairi! Ziwe saizi moja na ziwe zimelika sawasawa, maana zikitofautiana difu ya katikati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, inasagika kila kilomita unayotembea. Halafu ipeleke kwenye vumbi, sio lami, gia ndogo, ile ya transfa, weka HL (mwendo wa kawaida, difu ya katikati imefungwa) usogee mita chache taa ya difu iwake, simama, gia kubwa iwe N, ingiza LL (mwendo mzito wa nguvu, difu imefungwa). Gari iliyokaa mjini miaka mingi hapo ndo inagoma.

Mwisho piga hesabu ya sevisi, IST inakunywa oili ya injini lita 3.7, Prado karibu 7, na bado hujagusa oili ya gia boksi, ya transfa, na difu ya mbele na ya nyuma, kila moja na yake.